Ardhi ya Razaba na Mikataba Tuliyotia Saini

Mkazi wa Bagamoyo anaijua ardhi ya Razaba, lile shamba kubwa la mifugo lililokuwa la Serikali ya Zanzibar, jirani na mto Wami na hifadhi ya Saadani. Yaliyotokea huko yamenishawishi kwamba mkataba wa kufungua soko na mkataba wa kumlinda mwekezaji ni vitu viwili tofauti, na kuvichanganya kumetugharimu.

Mwaka 1999 Tanzania na Uswidi zilitia saini mkataba wa kukuza na kulinda uwekezaji. Baadaye kampuni ya EcoEnergy ya Uswidi ilipewa hati ya ardhi hiyo ili ilime miwa. Mwaka 2016 serikali ikaifuta hati, mwaka uliofuata kampuni ikafungua shauri katika kituo cha usuluhishi cha Benki ya Dunia, na mwaka 2022 wasuluhishi wakaiamuru Tanzania ilipe dola za Marekani zipatazo milioni 165, ilhali kiwanda chenyewe hakikuwahi kujengwa. Wakulima na wafugaji waliokuwa wakiishi humo hawakuwa upande wowote wa shauri, kwa kuwa mkataba wa aina hii huzitambua pande mbili tu, nchi na mwekezaji. Sisemi kwamba mwenye hati hastahili kulindwa. Serikali inayotoa hati leo na kuifuta kesho inatutia hofu hata sisi wenyeji.

Ila sukari ya Bagamoyo imepatikana, na aliyeileta ni Mtanzania. Bagamoyo Sugar, ya kundi la Bakhresa, ilianza uzalishaji mwaka huo huo wa 2022 bila kinga ya mkataba wowote wa nchi mbili. Naamini kilichoipa moyo ni soko: ushuru wa pamoja wa forodha wa Jumuiya ya Afrika Mashariki unaiweka sukari katika bidhaa nyeti, yaani zile zinazokingwa kwa ushuru mkubwa zikitoka nje ya Jumuiya, kwa kiwango cha asilimia 100, na mwenye mtaji, awe mgeni au mwenyeji, hupiga hesabu ya wanunuzi kabla hajauliza shauri lake litasikilizwa wapi. Ulinzi huo wa ushuru una bei yake, na mama lishe aliyetafuta sukari ilipoadimika mwanzoni mwa 2024 anaifahamu vizuri. Hata hivyo, kwa kuwa soko ndilo linalomvuta mwenye mtaji, naliunga mkono Eneo Huru la Biashara la Afrika, ambalo Bunge letu liliridhia kujiunga nalo mwaka 2021.

Mikataba ya ulinzi nayo haifutiki kwa kuvunjwa tu. Ule wa Tanzania na Uholanzi ulikoma mwaka 2019, lakini uwekezaji uliotangulia unaendelea kulindwa nao kwa miaka 15. Inayobaki ijadiliwe upya sasa, fidia isizidi fedha ambazo mwekezaji amekwisha kuzitumia, na ulinzi usianze kabla wanakijiji wa eneo husika hawajasikilizwa na mipaka yao kupimwa.