Mkate Unapenda Joto, Mama

Mama mkwe alipokuja kukaa nasi aliukuta mkate kabatini, ndani ya mfuko wake, mdomo wa mfuko umebanwa kwa kibanio cha nguo. Akautazama kama mtu aliyekuta mtoto mchanga kalazwa sakafuni. Hakusema neno. Kesho yake asubuhi mkate tukaukuta kwenye friji.

Nikautoa, nikaurudisha kabatini. Jioni, friji. Nikautoa tena. Ukweni hakuna kugombana, kwa hiyo vita yenyewe ilipiganwa kimyakimya, kila mmoja akivizia mwenzake atoke jikoni. Aliyeumia ni mkate. Slesi zikawa ukipaka siagi zinavunjikia kisuni, na zikaanza kuwa na ladha ya kile kitunguu nusu kilichokuwa kikilala nao rafu moja. Nikamlalamikia mke wangu. Akaniambia hayo ni mambo ya watu wazima wawili, yeye ni mtoto tu hapo.

Sasa mimi nina ugonjwa mmoja: nikijua jambo, silali mpaka nimemwambia mtu. Nikasubiri wakati wa chai, nikaweka sauti ya adabu.

"Mama, samahani. Naomba tuzungumze kidogo kuhusu mkate."

Akashusha kikombe taratibu. Nadhani alitegemea habari ya msiba.

Nikamweleza kwamba mkate haugumui kwa kukauka peke yake. Ukiwa unaokwa, wanga wa unga hunywa maji, huvimba na kulainika. Ukishapoa, ule wanga huanza kujipanga upya na kukaza, na ndio ugumu wenyewe. Ubaya ni kwamba kazi hiyo ya kukaza huenda mbio zaidi kwenye baridi ya friji, zile nyuzi chache juu ya sifuri, kuliko kabatini. Nikamtajia na shahidi: Mfaransa aitwaye Boussingault, ambaye mwaka 1852 alionyesha kwamba hata mkate uliofungwa usipoteze maji bado hugumua.

"Huyo Mfaransa alikuwa na friji?"

"Hapana, mama. Enzi hizo majumbani hazikuwapo."

"Sasa friji imemkosea nini?"

Nikaliruka hilo. Nikahamia kwenye friza. Kule, nikasema, ni tofauti kabisa: kwenye nyuzi 18 chini ya sifuri ule wanga huganda pale ulipo, haukazi tena kwa kasi ya kuonekana. Ukiukata slesi, ukaufunga vizuri, hewa isiingie, unatoa kiasi unachotaka na kukipasha.

"Friji na friza si nyumba moja, milango miwili?"

"Ni nyumba moja, mama, lakini tabia mbili."

"Haya. Na ukungu je?"

Hapo alinibana, maana kwa ukungu ana haki. Kukiwa na joto na unyevunyevu, mkate wa kabatini huota ukungu upesi, na friji huuchelewesha kweli. Nikakubali, ila nikaongeza kwamba ukiona doa la kijani usikate pale tu na kula palipobaki, kwa sababu mkate ni laini na nyuzi za ukungu hupenya ndani kuliko jicho linavyoona. Unatupa wote. Mke wangu akakohoa. Mama mkwe akanitazama kwa huruma.

"Sisi tumekata hivyo miaka yote, baba, na huyo mkeo ndio tukamlea."

Ningenyamaza hapo ingekuwa heri. Lakini niliona somo linahitaji hitimisho.

"Kwa kifupi, mama, mkate haupendi baridi. Unapenda joto. Hata ukishagumua, ukiingia kwenye oveni unarudi laini."

Akatikisa kichwa, akainua kikombe. "Nimekuelewa, baba."

Na kweli, tangu siku hiyo mkate mpya haukuonekana tena kwenye friji. Kabatini pia sikuuona, ila sikujali. Nilidhani kaupatia pahala pengine, kama wafanyavyo kina mama na vitu vya watu. Nikajipongeza.

Jumamosi nikaamua kufunga hoja kwa vitendo. Ndani ya friji kilikuwa kimebaki kipande cha mkate wa zamani, yatima wa ile vita, kigumu cha kubishia mlango. Nikaita familia nzima jikoni. Mama mkwe nikampa kiti. Nikawasha oveni nyuzi 180, nikaanza kukinyunyizia kile kipande maji kwa vidole huku nikifundisha: wanga ukifika kama nyuzi 60 hulegea tena, tena wala haihitaji muda mrefu, ila kikishapoa kiliwe palepale kwa sababu kitarudi kugumua, safari hii kwa hasira.

"Baba," akasema mama mkwe, "unawasha kabisa?"

"Ndiyo mama. Lazima ipate moto kwanza."

"Haya."

Nikaendelea. Mwanangu akasema kuna harufu. Nikamwambia ndiyo hiyo sasa, wanga unalegea. Akasema lakini kipande si bado unacho mkononi. Mtoto ana akili sana huyu, sijui kazitoa wapi. Moshi ukaanza kutoka kwenye ukingo wa mlango wa oveni.

Nilipofungua, mfuko wa mkate haukuwa mfuko tena. Plastiki ile huyeyuka kwenye nyuzi 110 hivi, na mimi nilikuwa nimeshazipita zamani. Ilikuwa imenywea ikakumbatia mkate mzima, maandishi ya mfuko yamejichapa ubavuni, mengine yameandikika kinyume. Iliyobaki ilikuwa inachuruzika kwenye wavu, inaning'inia nyuzinyuzi. Kile kibanio cha nguo cha buluu kilikuwa kimelala chali, meno yote yameshikana.

"Nani kaweka mkate humu?" Sauti iliyonitoka haikuwa ya ukweni.

Kimya. Kisha, pale kwenye kiti:

"Mimi, baba. Si ulisema unapenda joto?"

"Mama, lakini... umeniona nawasha!"

"Nimekuona. Nikakuuliza, ukasema lazima ipate moto. Nikajua mtaalamu anajua."

Mke wangu akakumbuka ghafla kwamba kuna nguo za kuanua nje. Hatukuwa tumefua. Nikabaki nimeshika kitambaa, moshi machoni, mkate wangu mpya umekuwa kifurushi, na mimi ndiye ninayepaswa kuomba radhi.

"Samahani sana, mama. Nimepaza sauti."

"Usijali, mwanangu. Ndio kujifunza."

Mwanangu aliuliza kama katikati ya ule mkate kunalika. Nikasema hapana, umekula moshi wa plastiki, unakwenda pipani. Tukafungua madirisha. Ule wavu tuliuacha upoe kwanza, maana plastiki ikiwa ya moto ukiigusa unaisambaza tu. Ikishagumua inabanduka kwa mwiko wa mti, vipande vipande. Harufu haikubanduka. Iliendelea kukaa nasi, na kila mgeni aliyeingia alikuwa anauliza nini kimeungua, na mama mkwe ndiye aliyekuwa anajibu, kwa upole, kwamba baba alikuwa anatufundisha kuhifadhi mkate.

Lakini kile kipande kigumu bado nilikuwa nacho, na ubishi wangu pia. Nikakiweka kwenye kikaango, moto mdogo, matone ya maji pembeni, nikafunika. Baada ya muda kidogo nikafunua. Kilikuwa laini, kinatoa mvuke, ganda lake linalia likiguswa. Nikamkatia mama mkwe wa kwanza. Akatafuna bila haraka.

"Mzuri," akasema. "Laini kabisa."

"Si umeona, mama?"

"Nimeona. Huu ndio ule wa kwenye friji?"

"Ndio huo."

"Haukuota ukungu?"

"Haukuota."

Akageuka akatazama oveni, akatazama pipa, akarudi kunitazama mimi.

"Na ule wako wa joto?"

Nikamwongezea chai.