Nairobi Ina Hadubini, Inakosa Mtu wa Kueleza

Watu wa nyumbani wakisikia nilipimwa jeni hapa Manchester, swali la kwanza huwa ni mashine. Kipimo ni pesa ngapi, na mbona Nairobi hatuna? Mimi naona tunalilia kitu ambacho si cha kwanza kukosekana.

Nina mistari ya ngozi nene, ya kahawia iliyokolea, tangu utotoni. Inatoka shingoni, inapinda ubavuni kwa umbo la herufi S, inaishia kiunoni. Kariobangi, mtaa wa Nairobi nilikokulia, majirani walisema mama alitazama kitu kibaya akiwa na mimba yangu. Dukani tuliuziwa dawa ya mashilingi, yaani fangasi ya ngozi, krimu juu ya krimu, bila nafuu.

Aliyeitambua alikuwa daktari wa ngozi wa Nairobi, tena kwa macho tu. Alinisimamisha karibu na dirisha, akaifuatisha mistari kwa kifuniko cha kalamu hadi inapokutana mgongoni kwa umbo la V, akasema: "Hii umezaliwa nayo. Si fangasi, na hakuna aliyekuroga." Uingereza, daktari wa kwanza kuniona aliniandikia dawa ya pumu ya ngozi. Alikuwa anatafuta wekundu, na kwenye ngozi nyeusi wekundu hauonekani kirahisi. Kwa hiyo wanaodhani kila cha ng'ambo ni bora, hapo Nairobi ilishinda waziwazi.

Mistari hiyo ina historia. Alfred Blaschko, daktari wa Berlin, aliichora mwaka 1901 baada ya kuwachunguza wagonjwa wengi. Ni njia ambazo seli za ngozi hupita mtoto akiwa bado anaumbwa tumboni. Kosa la jeni likitokea kwenye seli moja siku hizo, watoto wa seli hiyo peke yao ndio hulibeba, na sehemu nyingine ya mwili hubaki salama. Wataalamu huita hali hiyo mozaiki.

Nairobi walinikata kipande kidogo cha ngozi. Majibu ya hadubini yalisema seli za tabaka la juu zimevimba na kupasuka, yaani haipakeratosisi ya epidemolitiki. Nikapewa karatasi na mafuta ya kupaka, nikaenda zangu. Hakuna aliyeniambia kwamba maneno yale yalihusu watoto wangu ambao hata hawajazaliwa. Na jambo hili limejulikana tangu 1994: mwenye mistari ya aina hii anaweza kuwa na kosa lilelile kwenye mayai au mbegu zake za uzazi, na mtoto akilirithi, halimpati kwa mistari. Linampata mwili mzima. Anazaliwa na ngozi nyekundu yenye malengelenge, inayochubuka kwa kuguswa tu, na baadaye inakuwa nene na yenye magamba.

Hapa Manchester walinipima damu kwanza. Ikawa safi, na ningeishia hapo ningejiona nimepona wasiwasi. Mshauri wa jenetiki ndiye aliyesisitiza wachukue ngozi yenyewe, kutoka kwenye mstari, kwa sababu kosa la mozaiki mara nyingi halipo kwenye damu. Likapatikana kwenye jeni ya KRT10, inayotengeneza keratini, protini inayoipa ngozi uimara. Kisha akaketi nami, akachora, akanieleza. Mtu mwenye ugonjwa huu mwili mzima, kila mtoto wake ana uwezekano wa asilimia 50 wa kuurithi. Kwangu ni pungufu ya hapo, lakini hakuna kipimo cha kutaja kiasi kamili. Wakunga wakaarifiwa mapema: shuka laini, plasta zisibandikwe ngozini. Mwanangu alizaliwa salama, namshukuru Mungu.

Huduma hiyo sikuilipia, ingawa niliingoja miezi. Nairobi ukiwa na pesa unamwona daktari wiki hiyohiyo, ila sampuli ya jeni mara nyingi husafirishwa nje, India au Afrika Kusini, na gharama ni yako. Hilo najua halitabadilika kesho. Lakini kusomewa jibu la hadubini na kuambiwa "hili linaweza kumfikia mtoto" hakuhitaji ndege. Mama wa Kayole anayejifungua mtoto mwenye malengelenge bila kuonywa atashukiwa kuwa amemuunguza, na wauguzi watahangaika na maambukizi yasiyokuwepo. Hapo ndipo uchungu wangu ulipo. Kila anayekatwa ngozi kwa sababu ya mistari aelezwe habari ya uzazi siku anapopewa majibu, awe mwanamke au mwanamume.

Na wewe mwenye mistari, ukikatwa kipande, uliza kipande hicho, ambacho hugandishwa kwenye nta, kinahifadhiwa maabara gani na kwa muda gani. DNA inaweza kutolewa humo hata miaka baadaye, pesa ya kipimo ikipatikana.