Kilimanjaro kwa Mtu wa Mwanza: Tuogope Haraka Kuliko Theluji

Sikukuu ya Uhuru ikikaribia, mjadala wa kupanda Kilimanjaro hurudi hapa Mwanza. Vijana wa vikundi vya mbio wanataka kwenda. Wazee wanauliza mtu aliyekulia ziwani anatafuta nini kwenye barafu.

Wazee hawakosei kuhofu. Mlima huu umeua, hata wenye afya zao. Ila baridi ina dawa: nguo nzito, glovu, soksi kavu, na vingi vya hivyo hukodishwa Moshi. Njia ya Marangu nayo haidai kamba wala ufundi wa kukwea miamba, ni kutembea. Kinachowaangusha wageni wa mlima ni hewa nyepesi.

Kambi ya Kibo, ya mwisho kabla ya kilele kwa njia ya Marangu, iko mita 4,720, kilele cha Uhuru 5,895. Tofauti ni mita 1,175. Ziwa letu liko takriban mita 1,134 juu ya usawa wa bahari. Yaani kimo chote ambacho basi la kutoka Dar es Salaam hukipanda kutwa nzima hadi kutufikia, mpandaji hukimaliza kwa miguu usiku mmoja, na kule juu kila pumzi ina oksijeni nusu na kidogo tu ya ile tunayovuta hapa. Kupanda na kushuka kilima cha Bugando kila alfajiri hujenga miguu. Damu na mapafu huzoea mwinuko kwa siku za kukaa huko, na kijana mwenye mbio ndiye hujidanganya zaidi, kwa kuwa miguu yake inamruhusu kuwahi.

Ndiyo maana safari za siku tano zinanikera. Siku ya ziada inayoifanya safari kuwa ya siku sita, ya kukaa kambi ya Horombo, mita 3,720, kupanda kidogo kisha kurudi kulala ili mwili uzoee, hukatwa kupunguza gharama. Mtu anafika Kibo kichwa kinamgonga, anatapika, anaficha asionekane mnyonge. Akianza kuyumba, au kuhema hali amekaa, hakuna kusubiri asubuhi: ashushwe saa hiyohiyo.

Hata hivyo nasema twende. Luteni Alexander Nyirenda alisimika bendera na mwenge pale juu usiku wa Uhuru, 1961, na raia hulipa ada ndogo sana kuliko mgeni. Tena barafu haitungoji: tangu 1912 zaidi ya asilimia 80 imetoweka, na mwaka 2022 UNESCO ilionya kuwa iliyobaki huenda isifike 2050. Mtoto anayezaliwa leo Nyamagana huenda akaisikia tu kwa wazazi.

Basi vikundi vianze kuchanga mapema, vilipie siku ya sita, na wanachama wakubaliane kabla ya kuondoka kwamba anayegeuka njiani hachekwi. Hifadhi yenyewe humpa cheti hata aliyeishia kituo cha Gilman's, chini ya kilele, mita 5,685.