Kumbukumbu za kompyuta: serikali itunze zipi?

Mwaka 1965 Wizara ya Fedha, hapa Dar es Salaam, iliwekewa kompyuta ya kwanza nchini, ICT 1500. Mwaka 1974 serikali hiyohiyo ikapiga marufuku uingizaji wa kompyuta, baada ya hesabu zake kuvurugika huku wataalamu wazalendo wakiwa wachache mno. Ni historia nzito, ila mimi niliikuta kwenye makala ya wasomi. Katika Makumbusho ya Taifa, Mtaa wa Shaaban Robert, sijawahi kuona chochote kinachoihusu.

Je, kuitunza ni kazi ya serikali? Wanaosema ndiyo wana hoja nzito. Mitambo ilikuwa yake, mafaili ya manunuzi na ya marufuku ni yake, na Sheria ya Kumbukumbu na Nyaraka za Taifa ya mwaka 2002 imeshaipa Idara ya Kumbukumbu na Nyaraka za Taifa dhamana ya nyaraka za umma. Idara hiyo inajua kutunza. Nyaraka za utawala wa Wajerumani ilizo nazo ziliingizwa na UNESCO katika orodha ya Kumbukumbu ya Dunia mwaka 1997.

Lakini karatasi ina uvumilivu. Faili likisahaulika kabatini miaka hamsini, bila mchwa wala maji, bado litasomeka. Diski haina subira hiyo. Mwaka 1986 BBC ilitengeneza diski za Domesday Project kuadhimisha miaka 900 ya daftari la sensa la Uingereza la mwaka 1086. Haikupita miaka ishirini, mashine za kuzisoma zikawa adimu. Daftari lenyewe linasomeka hadi leo. Kumbukumbu za kidijitali zinataka kuhamishwa kila mara kutoka kifaa kwenda kifaa, na kazi hiyo haina mwisho. Mradi wa mfadhili unaweza kulipia kuskani na kununua seva, ukaisha baada ya miaka mitatu. Nani atalipa mwaka wa nne? Kampuni nazo hupita: Celtel ikawa Zain, Zain ikawa Airtel. Fungu linalopitishwa na Bunge kila mwaka ndilo lenye matumaini ya kudumu, na hapo sioni mbadala wa serikali.

Wanaopinga nao hawapigi kelele bure. Baada ya Vita Kuu ya Pili, Uingereza ilivunjavunja nyingi kati ya Colossus, kompyuta zake za kufumbua siri za Wajerumani, michoro ikachomwa, na siri ikafichwa hadi miaka ya 1970. Bletchley Park, mahali mitambo hiyo ilipofanyia kazi, ilipokaribia kubomolewa mwanzoni mwa miaka ya 1990, waliosimama kidete ni wananchi, na Colossus ikajengwa upya na Tony Sale na wenzake waliojitolea. Hata Internet Archive, hifadhi ya nakala za kurasa za mtandao iliyoanzishwa na Brewster Kahle mwaka 1996, si ya serikali.

Kwetu kuna jambo la karibu zaidi. Kanuni za maudhui ya mtandaoni za mwaka 2018 ziliwataka wenye blogu walipe ada za leseni zilizofikia shilingi milioni 2.1, na baadhi wakafunga. Blogu za Kiswahili za miaka ya 2000 ni mahali ambapo kizazi kizima kilijifunza kubishana hadharani. Mkono unaotoa leseni ukipewa pia kuchagua kipi kihifadhiwe, naogopa yatakayoachwa nje kimyakimya, tena bila mtu kufuta chochote.

Kwa hiyo mzigo ugawanywe. Vya serikali, yaani mitambo, programu za mishahara na mafaili ya zabuni, vibaki kwa Idara. Kurasa za wananchi zikusanywe na Maktaba Kuu ya Taifa, na nakala ya pili ikae Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Ndiyo, Bodi ya Huduma za Maktaba inayoisimamia maktaba hiyo nayo ni ya serikali, ila haitoi leseni za blogu. Sheria yake ni ya mwaka 1975, enzi za karatasi, na inahitaji kurekebishwa. Uingereza iliziruhusu maktaba zake kukusanya tovuti mwaka 2013.

Atakayesema zahanati zinakosa dawa nitamsikiliza, maana ni kweli. Ila hatua ya kwanza haihitaji jengo: kompyuta za ofisi za umma zisipigwe mnada kabla afisa wa nyaraka hajazikagua. Na wapo wazee. Aliyekuwa na miaka 25 mwaka 1965 sasa amevuka 80, na kurekodi sauti yake kunahitaji mwanafunzi mmoja na simu, mwaka huu.