Kaktasi ya Puna: kuing'oa au kuyapumzisha malisho?

Katika nyanda za juu za Peru na Bolivia ziitwazo puna, ambako malisho hupita mita 4,000 juu ya usawa wa bahari na maji huganda usiku, huota kaktasi fupi yenye matawi yaliyosongamana, Austrocylindropuntia floccosa. Hutanda ardhini kama tuta lenye nywele nyeupe, hata mgeni akiliona kwa mbali hudhani ni kondoo waliolala. Nywele hizo huikinga na baridi na jua kali. Chini yake mna miiba mirefu, na juu huchanua maua ya manjano.

Mfugaji ana sababu ya kuichukia. Kila tuta linapotanuka, eneo la kulishia kondoo na alpaka, mnyama wa Andes anayefugwa kwa sufu yake, hupungua, na mnyama anayefuata jani lililochomoza katikati ya miiba hujichoma mdomo. Anayeishi kwa kuuza sufu hawezi kuambiwa astahimili kwa sababu tu mmea huo ni wa asili.

Lakini uasili huo una uzito wake. Kule Laikipia, Kenya, kaktasi za jenasi ya Opuntia zililetwa kutoka Amerika, na kumwachilia kochinili, mdudu anayefyonza utomvu wa kaktasi, azidhoofishe ni hatua inayoeleweka, kwa kuwa adui wao wa asili hakuwapo. Kaktasi ya puna iko kwao, na huzidi pale mifugo inapolisha kupita kiasi: nyasi huliwa hadi shinani, mmea wenye miiba huachwa, nao hujaza pengo. Tena nyasi chache zinazojificha ndani yake hupata muda wa kutoa mbegu, jambo ambalo watetezi wa kung'oa hulitaja kwa nadra.

Kwa maoni yangu, kuyapumzisha malisho ndiko kunakogusa chanzo, ingawa ni rahisi kulisema hilo kwa asiye na mifugo: familia inayolisha katika ardhi ya pamoja haiwezi kufunga sehemu yake ikiwa majirani hawakubali. Jembe nalo lina masharti, kwani kipande cha tawi kikiachwa udongoni huweza kuota mizizi upya. Penye ichu, nyasi ngumu za puna, za kutosha kuziba nafasi, kung'oa na kuondoa vipande vyote kunaweza kusaidia. Kwenye mteremko uliokwisha kuwa mtupu, ningeiacha kaktasi mahali pake hadi nyasi zirudi, maana ikiondoka mapema mvua itachukua udongo.