Kituo cha Kibos: treni ya asubuhi, au jengo tu?

Reli ya zamani ikitajwa Kisumu, hakosi mtu wa kusema vituo vidogo vifufuliwe ili watu wa Kibos, Miwani na Kibigori, kandokando ya reli mashariki mwa mji, wapande treni kwenda kazini. Wazo lenyewe si la kupuuzwa. Reli ilifika Kisumu, wakati huo Port Florence, Desemba 1901. Miwa ya tambarare ya Kano ilikuja baadaye: kiwanda cha Miwani kilianza 1922, Muhoroni na Chemelil vikafuata miaka ya 1960.

Wanaoitaka treni wanasema njia ipo tayari. Serikali iliikarabati kutoka Nakuru hadi Kisumu, na Desemba 2021 treni ya abiria ikarudi. Kibos penyewe pana gereza, kiwanda cha sukari na taasisi ya utafiti wa miwa, kwa hiyo wa kupanda hawakosekani. Ila treni iliyorudi ilikuwa ya safari ndefu: ilitoka Nairobi Ijumaa jioni, ikaingia Kisumu Jumamosi asubuhi. Mtu wa zamu ya saa moja Jumatatu aifanyie nini?

Halafu kuna suala la mahali pa kushukia, ambalo watetezi wa reli hulipita haraka mno. Stesheni ya Kisumu iko chini kabisa, karibu na bandari. Mama anayepeleka mboga soko la Kibuye, au mgonjwa anayekwenda Russia (hospitali ya Jaramogi, kwa asiye mwenyeji), akishuka pale itabidi atafute tuktuk apande tena juu. Nauli mbili, na gunia kulishusha na kulipandisha. Ni kweli treni ya Syokimau kule Nairobi, iliyofunguliwa 2012, ilipata abiria, lakini foleni ya Mombasa Road ndiyo iliyowasukuma humo. Kisumu bado hatujafika huko, tushukuru.

Hata hivyo siwezi kusema tuachane nayo. Februari 2021 nyumba za wakazi wa Kibos, wengi wao Wanubi wenye makaburi ya wazee wao papo hapo, zilibomolewa ili kuipisha reli. Aliyelala nje na watoto ana haki ya kuuliza treni yenyewe iko wapi. Kupaka rangi jengo la stesheni na kulizindua kwa utepe hakumjibu.

Ningeanza na mabehewa machache, Muhoroni hadi Kisumu, asubuhi na jioni, kwa saa za zamu za viwandani, na tuktuk zipewe steji pale pale stesheni. Rangi isubiri. Abiria wakikosekana baada ya mwaka, eneo la kituo cha Kibos ligeuzwe soko, na waliobomolewa wawe wa kwanza kugawiwa vibanda, bila kulipishwa.