Keshia hakuiua Nakumatt

Supamaketi kubwa ikiyumba Kenya, lawama huwafikia wafanyakazi haraka: wanaiba stoo, wanawapitishia jamaa zao bidhaa bila kuzipiga mashine, wanawanunia wateja. Madai hayo si ya bure. Biashara hii huishi kwa faida nyembamba, na katoni za mafuta ya kupikia zikipotea kila wiki zinaweza kuila faida ya tawi zima. Meneja anayeweka kamera kila kona ana sababu.

Ila kwa Nakumatt hesabu ya katoni haifungi. Kampuni hiyo iliyoanzia Nakuru, ikaenea hadi Uganda, Rwanda na Tanzania, iliwekwa na mahakama chini ya msimamizi wa kampuni zilizolemewa na madeni Januari 2018 ikiwa na madeni ya takriban shilingi bilioni 30. Miaka miwili baadaye wadai walipiga kura ifungwe. Matawi sita ya mwisho yalichukuliwa na mpinzani wake Naivas kwa shilingi milioni 422. Milioni 422 kwa bilioni 30! Hata asilimia mbili haifiki. Kweli, mengine yalikuwa yameshafungwa, lakini hakuna keshia awezaye kuiba shimo la ukubwa huo, hata akabidhiwe ufunguo wa stoo na lori juu yake. Shimo hilo huchimbwa na upanuzi wa mikopo, kodi za kupanga majumba makubwa, na pesa za wasambazaji zinazokaliwa ilhali bidhaa zao zimeshauzwa taslimu.

Hapo kwa wasambazaji ndipo mambo hueleweka vibaya. Wengi wanaopanga bidhaa rafuni hulipwa na msambazaji au wakala wake, si na supamaketi. Asipolipwa, huzuia mzigo na kuwaondoa watu wake pia. Anayebaki hutandaza pakiti chache mstari mmoja mbele ili pengo lisionekane, kisha ashinde akiomba radhi kwa kosa la watu asiokutana nao. Wateja wanahama, mshahara unachelewa, wazoefu wanaondoka. Ndipo ofisi kuu hugundua kwamba huduma imezorota, na semina ya tabasamu ikaitishwa.

Wanaoamini uongozi ndio kila kitu wana mfano mzuri, nao ni supamaketi nyingine ya Kenya, Uchumi. Ilifunga milango Juni 2006, ikafunguliwa tena mwezi uliofuata, na chini ya mkuu wake Jonathan Ciano ikarudi kwenye faida na, mwaka 2011, kwenye soko la hisa la Nairobi. Sifa hizo anastahili. Lakini Ciano huyohuyo alifutwa kazi mwaka 2015, na miezi michache baadaye matawi ya Uganda na Tanzania yakafungwa. Uongozi ukisifiwa kwa kupanda, ubebe na kushuka. Katika supamaketi ya Tuskys nako, ndugu wenye kampuni waliburutana mahakamani juu ya mali ya familia. Mpanga rafu gani angewapatanisha?

Karani anayepokea mizigo huona malori yakipungua mapema kuliko benki, na ni nadra kuulizwa. Ujerumani, kampuni yenye wafanyakazi zaidi ya 2,000 hulazimika kisheria kuwapa nusu ya viti vya bodi ya usimamizi. Sheria hiyo haikutosha kuinusuru Galeria Karstadt Kaufhof, kampuni ya maduka makubwa ya huko, iliyoomba kinga ya mufilisi mwaka 2020 na tena 2022. Lakini huko, angalau, karani ana mtu wa kumpelekea habari mezani.